Kati ya Mombasa na Nateete: Nani Anawajibika kwa Mzigo?

Mhadhara wa wazi, Lubaga, Kampala



Mada yangu huko maofisini ina jina refu, usafirishaji wa kimataifa wa bidhaa kwa njia nyingi, lakini swali lake ni fupi. Kontena limefungwa lakiri Guangzhou. Limepanda meli, huenda likahamishiwa meli nyingine njiani, limeshushwa Mombasa, limekaa bandarini, limepandishwa treni au lori, limevuka mpaka wa Malaba, limeingia ghala la forodha hapa Kampala, na mwisho limefunguliwa Nateete mbele ya mwenyewe. Katoni 40 hazimo. Nani analipa?

Wenye meli watasema walilishusha lakiri ikiwa nzima. Bandari itasema ililitoa kama ilivyolipokea. Mwenye lori atasema alikabidhiwa kontena, hakuhesabiwa katoni. Wakala atasema yeye ni mtu wa makaratasi tu. Inawezekana kabisa wote wanne wanasema kweli, na kila mmoja ana sheria ya kumkinga. Ninachotaka kuwaonyesha jioni hii ni kwamba mfanyabiashara wa Kampala hateswi na ukosefu wa sheria. Sheria tunazo nyingi, za bahari, za reli, za barabara, za forodha. Anateswa na zile nafasi zilizo kati ya sheria moja na nyingine, na nafasi hizo zinaweza kuzibwa na chombo ambacho tayari tunacho, Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Lubaga ni mahali pazuri pa kulisemea jambo hili. Chini ya kilima hiki, Nalukolongo, kuna karakana ya Shirika la Reli la Uganda, na reli inayopita hapo ni ile ya magharibi iliyofika Kasese mwaka 1956. Busega ndipo barabara ya pete ya kaskazini inapokutana na barabara ya Masaka, na hapo ndipo malori yaliyotoka Mombasa yanaposhika njia ya Katuna kwenda Rwanda au Mutukula kwenda Tanzania. Na hata kabla ya reli na lami, wageni walioipa Lubaga kanisa lake walifika kwa njia nyingi. Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walipotua Kigungu mwezi Februari 1879, walikuwa wamesafiri kwa meli hadi pwani, kwa miguu na wapagazi kupitia Tabora hadi ziwani, kisha kwa mtumbwi.

Baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za Uganda zilitoka Mombasa kwa treni, zikapakiwa meli za ziwani Kisumu, zikashushwa Port Bell. Njia mbili hizo, lakini mwenye treni na mwenye meli alikuwa mmoja, Reli ya Uganda. Mwaka 1931 njia ya reli ilifika Kampala yenyewe. Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours. Mwaka 1969 bandari zilitenganishwa na reli, yakawa mashirika mawili, ila yote mawili yalibaki ndani ya Jumuiya moja, ile ya kwanza ya Afrika Mashariki, chini ya sheria zilizotungwa pamoja.

Sisifu ukoloni. Reli ile ilijengwa kwa faida ya wengine, na sheria zake ziliulinda mfuko wake kuliko mali ya mteja. Lakini mfanyabiashara wa Kampala alimjua wa kumdai. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua vipande vyake vya reli, injini na meli zake, na watu walihuzunikia ndege na mabehewa yaliyogawanywa. Huyu mhusika mmoja wa kujibu kuanzia gatini Mombasa hadi Kampala alitoweka bila kuliliwa na mtu, na hadi leo hakuna aliyerudishwa mahali pake.

Sasa twende baharini, kwa kuwa huko ndiko sheria iliko nene. Mwaka 1924, mjini Brussels, mataifa yalikubaliana Kanuni za Hague. Zilimpa mwenye meli wajibu wa kuandaa meli inayofaa safari, kisha zikamwekea sababu 17 za kujitoa lawamani. Ya kwanza katika hizo ni ajabu kwa mtu asiyezoea mambo ya bahari: nahodha au mabaharia wakikosea katika kuiongoza meli, mwenye meli halipi. Ukomo wa fidia ulikuwa pauni 100 kwa kila kifurushi. Marekebisho ya mwaka 1968, Hague-Visby, yalipandisha fidia na kuongeza kipimo cha uzito. Kisha nchi zilizokuwa zimetoka kwenye ukoloni, ambazo zilikuwa na mizigo mingi na meli chache, zilisema katika Umoja wa Mataifa kwamba kanuni hizi zimeandikwa na wenye meli. Jibu likawa Kanuni za Hamburg za mwaka 1978. Humo kosa la nahodha si kinga tena. Mzigo ukipotea au kuharibika mikononi mwa msafirishaji, yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba alichukua kila hatua iliyostahili. Muda wa kushtaki ukawa miaka 2 badala ya 1.

Uganda, nchi isiyo na pwani, ilijiunga na Kanuni za Hamburg tarehe 6 Julai 1979. Tafakarini tarehe hiyo. Idi Amin alikuwa ameondolewa mwezi Aprili. Profesa Lule alikuwa ameshaingia Ikulu na kutoka. Godfrey Binaisa, mwanasheria, alikuwa na majuma mawili tu madarakani, na jiji hili lilikuwa bado linaokota vioo vya maduka yaliyoporwa. Katika hali hiyo bado kulikuwa na mtu serikalini aliyeona kwamba sheria ya bahari ni jambo la Kampala. Tanzania ilifuata mwezi huo huo wa Julai, na Kenya ikajiunga mwaka 1989. Kanuni zenyewe zilianza kutumika tarehe 1 Novemba 1992. Mimi huiheshimu sana ile saini ya 1979.

Tatizo ni mahali zinapoishia. Kanuni za Hamburg zinamfunga msafirishaji kuanzia bandari ya kupakilia hadi bandari ya kushushia, basi. Zinasema wazi kwamba mkataba wenye safari ya bahari pamoja na safari nyingine huhesabiwa kuwa mkataba wa bahari katika sehemu ile ya bahari tu. Na zinasema msafirishaji akishaukabidhi mzigo kwa mamlaka ambayo sheria ya bandari inataka ikabidhiwe, ameshamaliza kazi yake. Kwa hiyo ulinzi ule tulioutafuta mwaka 1979 unatuaga getini kwenye bandari ya Kilindini, Mombasa, na kutoka hapo hadi Kampala ni kilomita 1,170 hivi za barabara.

Kuna fundo jingine hapo hapo bandarini. Katika vitabu vya Kenya kuna sheria ya kusafirisha bidhaa kwa bahari, Sura ya 392, iliyotungwa enzi za ukoloni, nayo imebeba Kanuni za Hague za 1924. Tanzania nayo ina yake, Sura ya 164, ya ukoo ule ule. Nchi iliyorithi sheria ya Uingereza kwa desturi haihesabu mkataba wa kimataifa kuwa sheria ya mahakamani mpaka bunge liutungie sheria, ingawa Katiba ya Kenya ya 2010 imebadili jambo hilo kwa upande wake. Basi wakili wa mwenye meli anasimama na Hague, wakili wa mwenye mzigo anasimama na Hamburg, na kabla mtu hajauliza katoni zilikwenda wapi, miezi imekatika katika mabishano ya kanuni ipi itumike.

Mabishano hayo yana pesa ndani yake. Mwaka 1988 mahakama ya London iliamua kesi ya meli iitwayo Rosa S, iliyokuwa imeleta shehena Mombasa kutoka Italia. Mwenye meli alisema ukomo ni pauni 100 za karatasi kwa kifurushi. Jaji Hobhouse akasema hapana, pauni za Kanuni za Hague ni za dhahabu, na dhahabu ya pauni 100 za 1924 ilikuwa imefikia thamani ya zaidi ya pauni 6,000 wakati mzigo ulipofikishwa. Mzigo wa Mombasa ndio uliowafunza mawakili wa dunia nzima somo hilo.

Hebu tufanye hesabu ya zile katoni 40. Tuseme kila moja ina kilo 40 za vipuri vya thamani ya dola 200. Hasara ni dola 8,000. Kanuni za Hamburg zinaweka ukomo wa SDR 835 kwa kila kifurushi au SDR 2.5 kwa kila kilo, yoyote iliyo kubwa zaidi. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na miaka ya karibuni moja imekuwa kama dola 1.3 hadi 1.45. Kama hati ya shehena imeandika idadi ya katoni, kila katoni ni kifurushi, ukomo uko juu mno ya hasara, na unalipwa dola zako 8,000 zote. Kama hati imeandika “kontena moja la vipuri”, kontena zima ni kifurushi kimoja. Hapo kinachokusaidia ni uzito: kilo 1,600 mara 2.5, yaani SDR 4,000, ambazo ni kama dola 5,400. Umepoteza dola 2,600 kwa sababu ya mstari mmoja ambao karani wa Guangzhou hakuujaza. Ndugu zangu wenye maduka wa Ndeeba, mkiagiza mzigo, mwambieni muuzaji ahesabu katoni na idadi hiyo iandikwe kwenye hati ya shehena, na msilipe mpaka mmeiona nakala yake.

Na angalieni mnanunua kwa masharti gani. Wengi wenu mnaagiza kwa CIF Mombasa, mkidhani muuzaji anabeba hatari mpaka Mombasa. Sivyo. Kwa masharti hayo hatari inahamia kwenu tangu mzigo upakiwe melini huko utokako. Muuzaji anachagua meli na kukata bima, nyinyi mnabeba hatari. Na bima anayotakiwa kukata ni ile ya chini kabisa, ya kundi C, ambayo inafidia meli kuzama, moto na mengine machache ya namna hiyo. Wizi haumo. Masharti yaitwayo CIP, katika toleo la 2020 la masharti ya kimataifa ya biashara (Incoterms), yanamtaka muuzaji akate bima ya kundi A, iliyo pana, na yanaweza kuandikwa hadi Kampala. Bei itapanda kidogo. Mimi ningeilipa.

Barabarani sasa. Ulaya wana mkataba wa malori uliotiwa saini Geneva mwaka 1956, ujulikanao kama CMR. Lori likitoka Hispania hadi Poland, sheria ni moja, fidia ni SDR 8.33 kwa kilo, na mlalamikaji anajua pa kushtaki. Lori linalotoka Mombasa hadi Kigali kupitia Busega halina mkataba wa namna hiyo. Linatawaliwa na makubaliano ya mwenye lori na wakala, ambayo mara nyingi ni karatasi moja, na chini yake ile sheria ya mapokeo ya Kiingereza iliyopokewa Uganda tarehe 11 Agosti 1902. Sheria hiyo ni kali sana kwa mchukuzi wa umma, anayebeba mizigo ya yeyote anayekuja: analipa karibu kila hasara, isipokuwa ya mkono wa Mungu, ya adui wa dola, ya kasoro ya mzigo wenyewe au ya kosa la mtumaji. Ila mchukuzi anaweza kuukwepa ukali huo kwa mstari mmoja tu kwenye karatasi yake, na mstari huo haukosekani. Reli nayo ina sheria zake za kuanzishwa zenye mipaka yake ya dhima, mbali Kenya na mbali hapa.

Dunia ililiona pengo hili zamani. Tarehe 24 Mei 1980, Geneva, ulipitishwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa usafirishaji wa kimataifa wa bidhaa kwa njia nyingi. Wazo lake ni zuri: mtu mmoja anatoa hati moja na anajibu kwa safari nzima, hata kama ameajiri meli, treni na malori ya watu wengine. Ulihitaji nchi 30. Haukuzipata, na haujaanza kutumika mpaka leo. Rwanda ilijiunga mwaka 1987, Burundi mwaka 1998, na Malawi na Zambia zimo pia. Nchi zisizo na bahari ziliuelewa. Uganda haimo, Kenya haimo, Tanzania haimo. Mwaka 2008 ulikuja mkataba mwingine, Kanuni za Rotterdam, unaofuata mzigo wa baharini hadi nchi kavu. Huo unahitaji nchi 20, na nao haujaanza kutumika. Katikati, tangu mwaka 1992, wafanyabiashara wanatumia kanuni za UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, na za Chama cha Kimataifa cha Biashara, ambazo ni masharti ya mkataba tu na yanashindwa na sheria ya lazima ya nchi yoyote. Hizo zinampa mdai miezi 9 ya kushtaki. Mfanyabiashara wa Kampala humaliza miezi 9 akiandikiana barua na wakala.

Wanasheria walipouandika mkataba ule wa 1980 na kanuni zilizofuata walikutana na mgogoro mmoja mkubwa. Je, msafirishaji mkuu ajibu kwa kipimo kimoja popote hasara ilipotokea, au ajibu kwa sheria ya kipande kile ambako ilitokea, ya bahari ikiwa ni baharini, ya lori ikiwa ni barabarani? Wengi walichagua vipande, kwa kuwa mwenye meli na mwenye reli hawakutaka kupoteza kinga zao. Lakini kontena ni sanduku lililofungwa. Linapofunguliwa Nateete, hakuna anayejua katoni zilitoka Mombasa, Mariakani au Malaba. Hasara isiyo na mahali ndiyo hasara ya kawaida ya kontena, na mfumo wa vipande unamwomba mwenye mzigo athibitishe kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukiona.

Wenzetu wamelipatia swali hili jibu. Sheria ya Bahari ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1993, ina sehemu nzima juu ya mikataba ya njia nyingi, ikisema kwamba mahali pasipojulikana, msafirishaji mkuu ajibu kwa sheria ya safari ya bahari. India ilitunga sheria yake mwaka huo huo wa 1993, ikitaka wasafirishaji wakuu wasajiliwe. Nchi za Kusini Mashariki mwa Asia, ikiwemo Laos isiyo na bahari kama sisi, zilitia saini mkataba wao wa pamoja Vientiane mwezi Novemba 2005. Mzigo wetu unatoka kwa watu wenye jibu na kuja kwa watu wasio nalo.

Pengo lisipotungiwa sheria, mahakama hulazimika kuliziba, na Marekani inatuonyesha linavyozibwa. Mitambo ilitoka Australia kwenda Huntsville, Alabama, mji wa bara. Ilishushwa bandari ya Savannah, ikapanda treni, treni ikaacha njia. Hasara ilikuwa kama dola milioni 1.5. Hati ya shehena ilikuwa na kifungu kinachowapa wasaidizi wote wa mwenye meli ukomo wake wa fidia, dola 500 kwa kifurushi, na mitambo ilikuwa ndani ya makontena 10. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwezi Novemba 2004 kwamba reli nayo inafunikwa na kifungu hicho. Badilisha Huntsville uweke Kampala, badilisha Savannah uweke Mombasa: mwenye lori ambaye hujapata kumwona anaweza kusimama mahakamani na kujikinga kwa maandishi madogo ya hati ambayo aliyeafikiana nayo ni muuzaji wako wa Guangzhou.

Hapa kwetu kuna waliojaribu kuliziba wenyewe. Mwanzoni mwa 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilifunga njia, na huko Kibera reli yenyewe iling'olewa. Uganda ilikaa bila mafuta ya kutosha, na makontena yakarundikana Mombasa. Kampuni ya Modern Holdings, iliyopata hasara ya bidhaa za kuharibika zilizokwama bandarini, ilikwenda Arusha kuishtaki Mamlaka ya Bandari ya Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Mwaka 2009 Mahakama ilisema Mamlaka hiyo si taasisi ya Jumuiya kwa maana ya Mkataba wa kuanzisha Jumuiya, hivyo haikuwa na uwezo wa kuisikiliza kesi. Kisheria siwezi kuulaumu uamuzi huo. Mahakama haiwezi kutoa ilichonyimwa. Lakini mtu aliyepoteza mali kwenye njia ya Jumuiya alirudishwa mlangoni na mahakama ya Jumuiya, na mlango huo ndio tunaopaswa kuufungua kwa sheria.

Uwezo huo tunao. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, una kifungu kinachozitaka nchi zilinganishe kanuni na hati za usafirishaji wa njia nyingi. Mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini, yaani njia hii ya kutoka Mombasa, wa mwaka 1985 na uliofanyiwa marekebisho mwaka 2007, una itifaki 11, na mojawapo ni ya njia nyingi. Bunge la Afrika Mashariki limeshatunga sheria ya uzito wa malori na sheria ya vituo vya pamoja vya mipakani. Tunaweza kukubaliana ekseli ibebe tani ngapi kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Kwa nini tushindwe kukubaliana katoni iliyopotea katikati inalipwa na nani?

Sheria ninayoiomba ingesema hivi. Yeyote anayetoza nauli ya mzigo hadi Kampala, awe mwenye meli, wakala au kampuni ya reli, ndiye msafirishaji mkuu, na anajibu kwa mwenye mzigo kuanzia alipoupokea hadi anapoukabidhi. Akishalipa, yeye ndiye atakayewafuata aliowaajiri, maana anawajua na ana mikataba yao. Pasipojulikana hasara ilikotokea, fidia iwe ile ya nchi kavu, SDR 8.33 kwa kilo. China walichagua kipimo cha bahari, na ukiwa na bandari zako mwenyewe chaguo hilo lina mantiki. Sisi mizigo yetu hulala bandarini, hulala kwenye maegesho ya malori, hupangishwa foleni mpakani; nchi kavu ndiyo yenye mikono mingi. Kwa kipimo hicho zile katoni zetu 40, kilo 1,600, zina ukomo wa zaidi ya SDR 13,000, na dola 8,000 zinalipwa zote. Muda wa kushtaki uwe miaka 2 kama Hamburg, na kesi iweze kufunguliwa mahali mzigo ulipokabidhiwa, yaani hapa, hata kama hati imeandika London.

Na kuna ushahidi ambao umelala bure. Tangu mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo mmoja wa lakiri za elektroniki. Lakiri inatuma habari njia nzima: lori liko wapi, limesimama muda gani, limetoka nje ya njia, lakiri imeguswa saa ngapi. Mfumo ulijengwa kulinda kodi, na umefanya kazi nzuri. Lakini habari hizo hizo ndizo zinazoweza kusema hasara ilitokea wapi. Mwenye mzigo azipate kwa haki, kwa maombi ya kawaida, bila kulazimika kumjua mtu ofisini.

Sheria ninayoiomba ni ya haraka kwa sababu ya reli. Treni za mizigo za reli mpya ya Kenya zilianza kati ya Mombasa na Nairobi mwezi Januari 2018. Tangu mwisho wa 2019 kuna bandari kavu Naivasha, ambako kontena la Uganda linashushwa kwenye treni na kupandishwa lori. Mwezi Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Yapi Merkezi mkataba wa kujenga kilomita 272 za reli kutoka Malaba hadi Kampala. Upande wa kusini, mzigo unaweza kutoka Dar es Salaam kwa reli hadi Mwanza na kuvuka ziwa hadi Port Bell, na mwaka 2018 meli ya MV Umoja ilileta hapo chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Kila kituo kipya ni mahali pengine pa kubadilisha mikono. Tunajenga njia nyingi zaidi, na kwa sheria tuliyo nayo, kila njia inazaa pengo lake.

Nimalizie na nyinyi madereva mlioegesha malori Busega ili mje kunisikiliza. Nimeulizwa hata kabla ya mhadhara: sheria hii si itamwangukia dereva na mwenye lori moja? Leo ndivyo ilivyo tayari. Katoni zikikosekana, anayelala kituo cha polisi ni dereva na tanboi wake, kwa sababu hao ndio wanaoonekana. Msafirishaji mkuu akiwa ndiye wa kwanza kujibu, mwenye mzigo hana haja ya kumkamata mtu barabarani ili apate pesa zake. Mwenye lori atadaiwa baadaye na aliyemwajiri, kwa kosa lililothibitishwa, si zaidi ya ukomo ule ule, na habari za lakiri zitamtetea yeye kama zitakavyomtetea mwenye mzigo: ikiwa lakiri haikuguswa kuanzia Mombasa hadi Malaba, basi kwake yameisha. Ningetaka sheria iseme hivyo kwa maneno yake yenyewe, na iseme pia kwamba aliyepewa kontena lililofungwa, asiruhusiwe kuhesabu kilichomo, hawezi kudaiwa hesabu yake. Vyama vya wenye malori viwepo mezani Arusha siku rasimu itakapoandikwa, pamoja na kampuni za bima, kwa kuwa hizo ndizo zitakazopanga bei ya kubeba dhima hii. Maswali yenu nayasubiri, na nawaomba wenye maduka wa Nateete waanze.